Matembezi ya Mama Mkekani

Mwaka ule, kila mchana baada ya kula, mama yangu alijinyoosha mkekani barazani na kuanza kutembea. Mpita njia angedhani anaota, na labda alikuwa anaota kidogo. Macho yalikuwa yamefumbwa, mikono iko tumboni, miguu yake iliyovimba imewekwa juu ya mto, lakini mdomo ulikuwa unakwenda. Alitoka katika nyumba yetu ya zamani, akafunga mlango wa bati, akashika kushoto, akaanza kupita nyumba hadi nyumba katika mtaa ambao haupo tena. Mimi nilikaa kando yake, kompyuta mapajani, nikichapa kila hatua.

Nyumba yetu ya sasa iko Kolwezi, kando ya barabara ya Mutoshi. Malori ya madini hupita hapo kutwa nzima, na vumbi lake hukaa hewani muda mrefu, jekundu na laini, mpaka jua linaonekana kana kwamba limefunikwa kitambaa. Sauti ya mama ilikuja na kupotea ndani ya vumbi lile. Kuna siku nilisinzia huku vidole vinaendelea, na nilipozinduka nilikuta kwenye kioo mstari mzima juu ya mama mmoja muuza mikate ya mafuta, aliyekuwa akiimba kinyumenyume ili unga uumuke. Sikukumbuka kuusikia. Mpaka leo sijui kama ni mama aliyesema au ni mimi niliyeota. Niliuacha.

Mtaa wenyewe ulikuwa upande wa Musonoi, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu, zote na dirisha moja mbele na jiko nyuma. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, baba yangu akaingia kazi ileile, nami nikazaliwa humo. Kisha shimo likaanza kusogea. Lilikula uwanja wa mpira, likala shule, na waliposema limesimama, wakaja vijana kutoka kila pembe ya Kongo kuchimba wenyewe kwa koleo, wakachimba mpaka chini ya majiko ya watu. Mwishowe sisi tulihamishwa, uzio ukajengwa. Leo ukienda kwa pikipiki utaonyeshwa pengo kubwa, na chini kabisa maji ya kijani ambayo hayatikisiki.

Mimi nilikuwa mchapaji. Nimechapa ofisini miaka mingi, kwanza kwa mashine ya chuma, halafu kwa kompyuta za mwanzo, zile za kioo cheusi na herufi nyeupe. Programu ile ya kuandikia niliipenda na sijawahi kuiacha. Haina picha, haina rangi, haikurekebishii neno bila kuombwa. Unaandika, basi. Watu hunicheka kwamba nina kompyuta ya leo na ninaitumia kama ya juzi. Wacheke tu.

Habari ya wiki, si wiki ya siku saba bali ile ya mtandaoni, niliipata kwa mwenzangu wa zamani wa ofisini, mama mmoja ambaye baada ya kustaafu alirudi Lubudi kulima mahindi. Alinieleza kwa simu kwamba kuna kamusi elezo mtandaoni, ya Kiswahili kabisa, na kwamba mtu yeyote anaruhusiwa kuandika humo. Yeye alikuwa ameshaandika juu ya mihogo na juu ya reli. Mama yangu alikuwa anasikiliza, kwa sababu simu yangu inapiga kelele kama redio.

"Mule mwenye munaandikaka bitu byote," aliniuliza, "mutaa yetu iko?"

Nilitafuta. Musonoi ilikuwepo kwa mistari michache. Mtaa wetu haukuwepo.

"Haiko, mama."

"Juu ya nini haiko? Shiye hatukukuwa bantu?" Akanigeuzia uso. "Basi uandike, mama."

Ni lazima nieleze hapo. Mimi nimepewa jina la bibi yangu, mzaa mama, kwa hiyo mama yangu ananiita mama. Ananiita hivyo hata anaponigombeza. Na watu wote, tangu nizaliwe, wamemwita yeye mama wa fulani, na fulani huyo ni mimi, kwa sababu ndiye mtoto wake wa kwanza. Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yangu yote.

Basi niliandika. Niliandika ukurasa mfupi juu ya mtaa wetu, safu zake, pampu yake ya maji, kwaya ya Jumapili, na namna ulivyomezwa na shimo. Siku ya tatu niliufungua nikakuta juu yake kibandiko kikubwa: ukurasa huu unapendekezwa kufutwa, hauna chanzo, majadiliano yatadumu siku saba. Aliyekiweka alikuwa mtu mmoja aliyejificha nyuma ya picha ya ndege. Nilimwita Bwana Chanzo, kimoyomoyo kwanza, baadaye kwa sauti. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kimepigwa pasi, hakina hata mkunjo mmoja, na hilo pekee lilitosha kunipandisha hasira.

Nilimwambia mama kwamba wanataka kuufuta mtaa. Alifungua macho.

"Mara ya pili?" akasema.

Kutoka hapo sikuwa na la kujiuliza. Siku saba, na mtaa ule usifutwe mara ya pili mama yangu akiwa hai. Hilo ndilo nililolitaka, na sijui kama nimewahi kutaka kitu kwa ukali namna ile.

Lakini kujibu kwenyewe kulikuwa vita. Ukurasa wa majadiliano una kidirisha kidogo cha kuandikia. Unaandika humo aya yako nzima, unabonyeza, na hapohapo mtandao wa Kolwezi unapiga miayo na kulala. Ukirudi, kidirisha ni cheupe, na maneno yako yameyeyuka. Nilipoteza jibu moja, nikapoteza la pili. La tatu niliandika kwa hasira hata nikashukuru lilipopotea.

Ni yule mwenzangu wa Lubudi aliyeniokoa. Huko kwao mtandao ni mbovu kuliko kwetu, na wao walikuwa wameshapata njia.

"Wee, acha kupigana na ile dirisha," aliniambia. "Andika barua tu, sawa tulikuwa tunaandikaka ku bureau. Barua itajipeleka yenyewe."

Njia yenyewe ilikuwa hivi. Kuna programu ndogo inayokaa kati ya wiki na barua pepe. Mtu akisema neno kwenye majadiliano, neno lile linakujia kama barua. Ukijibu ile barua, jibu lako linakwenda kujiweka lenyewe kwenye ukurasa, mahali pake, chini ya yule uliyemjibu. Kwa hiyo ningeweza kuandika katika programu yangu ya kioo cheusi, bila mtandao, polepole, huku mama anatembea. Mtandao ukiamka, barua inaondoka. Alinipigia simu siku nzima akinielekeza kubonyeza hapa na pale, na jioni barua ya kwanza ya Bwana Chanzo ilikuwa imelala kwenye sanduku langu pamoja na barua za binamu na za parokia. Kumwona pale, amepanga foleni na ndugu zangu, kulipunguza kidogo chuki yangu ya jana.

Mwenzangu alinionya jambo moja. "Ukitaka kuweka maneno ya kwako, uweke chini ya mustari. Maneno ya chini ya mustari haiendake."

Nilifurahi mno kusikia hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyofanya kazi maisha yetu yote. Ofisini bosi alipotuletea rasimu, alichora mstari. Juu ya mstari ni barua yenyewe. Chini ya mstari ni maneno yetu sisi: chapa nakala tatu, hii ipeleke ghalani, fulani asiione. Mchapaji aliyechapa maneno ya chini ya mstari alichekwa mwaka mzima. Mstari tulikuwa tunauchora kwa nyota, safu nzima ya nyota kutoka ukingo hadi ukingo, na mimi nyota zangu zilikuwa zimenyooka kuliko za wote.

Barua zangu kwa wiki niliziandika kama barua. Sijui kuandika namna nyingine. Nilianza na salamu ya kwetu, moyo wenu nyote, nikauliza hali zao, nikasema mama anawasalimu kutoka mkekani, mvua bado, miguu inamsumbua, na ndipo nikaingia kwenye hoja. Yote hayo yalikwenda kujiweka kwenye ukurasa wa majadiliano, katikati ya watu wanaosemezana kwa mistari miwili mikavu. Bwana Chanzo alijibu kwamba salamu si lazima mahali hapa.

Si lazima! Nilizunguka uani mara mbili. Kisha nikamwandikia salamu ndefu zaidi, nikamuulizia wazazi wake, wote wawili, na wajomba.

Kuhusu hoja yenyewe hakutetereka. "Kumbukumbu za mama yako ni za thamani," aliandika, "lakini haziwezi kuwa chanzo. Lete kitabu, gazeti, hata ramani." Mimi nilikwenda kutafuta. Parokiani daftari za zamani zilikuwa zimeloa na kushikamana. Ofisini kwetu chumba cha makaratasi kilikuwa kimeliwa na mchwa, na mlinzi alinifungulia mlango ili nijionee mwenyewe vumbi lililokuwa kazi yangu. Nilisimama pale nikanusa. Kuna harufu ya wino iliyobaki, au nilijidanganya. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikakaa kando ya mkeka, na mama akaendelea kutembea.

Jinsi alivyotembea ilikuwa daima vilevile. Alishika kushoto. Alisimama mbele ya kila mlango na kusalimia, "Moyo wenu, mama," akangoja kimya kama vile mtu anamjibu, kisha akaniambia nani anakaa humo na anapika nini leo. Hakuruka nyumba hata moja, hata ya jirani aliyegombana naye kwa sababu ya kamba ya nguo. Huyo alimsalimia kwa sauti fupi. Nilikuwa nachapa na kuona: baiskeli iliyoegemezwa ukutani, mawe ya kijani ambayo watoto waliyapanga dirishani, kanda iliyokuwa ikilia muziki wa Kinshasa tangu asubuhi. Nilikuwa naona mpaka mtoto mmoja wa kike amekaa kizingitini anakula muwa, ananitazama, na nilijua kwamba yule ni mimi.

Na daima alisimama kwenye pampu. Nyumba ya mwisho, halafu pampu, na akina mama wenye ndoo. Hapo alikuwa akisema, "Jua imekuwa kali. Turudi." Nilidhani amechoka. Nyuma ya pampu nilikumbuka tu majani marefu, mahali ambapo sisi watoto tulikatazwa kwenda kwa sababu ya nyoka.

Siku ya saba mvua ya kwanza ilinyesha. Ilikuja ghafla saa nane mchana, ikalituliza vumbi, ikapita. Hewa ilibaki safi kiasi kwamba vilima vya udongo wa mgodi vilionekana kusogea karibu na ua wetu. Baada ya mvua mtandao wetu huwa mzuri kwa saa moja hivi, hatujui kwa nini. Nilikuwa nimeanza barua yangu ya mwisho, ya kuomba, na sikutaka kuonekana naomba. Mama alikuwa anatembea, nami sikufungua faili jingine kwa ajili yake kama nilivyozoea. Nilichora nyota zangu chini ya barua, nikachapa matembezi yake chini ya nyota, ili nichote humo neno moja mawili nikihitaji.

Akafika kwenye pampu. Nilingoja aseme jua kali, lakini jua halikuwepo.

"Leo tuendelee kidogo," akasema.

Vidole vyangu viliendelea.

"Nyuma ya pompe njia inakuwa ndogo. Majani iko mingi, iko na maji. Kuko kichuguu moja kubwa, nyekundu. Ukipita kile kichuguu, unaona misalaba ya miti. Njo pale tulikuwa tunazikaka bantu betu. Ya kwetu iko ku mwisho, karibu na kichuguu. Iko kadogo."

"Ya nani, mama?"

"Ya yaya yako. Mutoto yangu ya kwanza."

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa, kama tata ni baba. Mimi sikuwahi kuwa na ndugu mkubwa.

"Alikaa siku tisa," mama alisema, macho yamefumbwa, sauti ileile ya matembezi. "Alikuwaka na sauti ya nguvu, majirani balikuwa banacheka. Siku ya kumi akanyamaza. Tulimupeleka, mi na tata yako, shiye babili tu na pasteur. Tata yako alisema tusitie jina ku musalaba, tutarudia kutia. Hatukurudia."

"Juu ya nini hamukuniambia?"

"Ulikuwa mutoto. Kiisha ukakuwa mukubwa, na wakati ya kusema ikakuwa imepita."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka bati la baraza. Nilikuwa nachapa. Naapa sikujua kwamba nachapa. Vidole vya mchapaji vinafuata sauti hata kichwa kikiwa kimesimama, na changu kilikuwa kimesimama kabisa.

"Balipotoa mutaa," akasema, "balihamisha makaburi yenye majina. Ile ya bila jina balisema haina wenyewe. Yee eko pale, chini ya ile maji." Akafungua macho, akaniona, akaiona kompyuta. "Ile usiandike, mama. Ile ni ya shiye babili."

"Siandike, mama."

Alilala, usingizi wa kweli. Mimi nikatazama kioo. Mtandao ulikuwa umeamka, na saa ile nzuri ya baada ya mvua ilikuwa inakwisha. Nilisoma barua yangu ya juu, nikaona inafaa. Ya chini yalikuwa chini ya mstari. Nilibonyeza, ikaenda.

Saa moja baadaye barua yangu ilinirudia, kama ilivyo kawaida ya programu ile, kunionyesha jinsi ilivyokaa ukurasani. Ilikuwa ndefu. Niliteremka nayo. Salamu, hoja, nyota zangu zilizonyooka, na chini ya nyota, pampu, kichuguu, misalaba, siku tisa. Na maneno yake ya mwisho pia, usiandike, mama, nayo yalikuwa pale, mbele ya dunia yote.

Nilimpigia mwenzangu wa Lubudi. Akaniuliza mstari niliuchora namna gani, nikamwambia nyota, kama ofisini. Akavuta pumzi. Programu ile haijui nyota, alisema. Inajua vistari viwili tu, vidogo, peke yao kwenye mstari wao. Chini ya hivyo ndipo inapokata. Alikuwa amesahau kuniambia, kwa sababu yeye hakuwahi kuchora nyota zilizonyooka. Na kufuta? Unaweza kuyaondoa kwenye ukurasa, alisema, lakini wiki inatunza kila kilichowahi kuandikwa, na anayetaka kutafuta atakipata.

Nimewahi kufanya makosa. Nimewahi kupeleka barua kwa bosi asiyehusika, nimewahi kuchapa mara mbili sifuri moja. Hili halikuwa la aina hiyo. Mama yangu alikuwa amebeba kitu kimoja peke yake miaka yote ya maisha yangu, akanipa nikishike mchana mmoja, nami nikakiangusha njiani. Niliona aibu mpaka masikio yakaniuma.

Nilimwambia jioni ileile, kabla ya chakula. Sikutafuta maneno mazuri. Nilisema, mama, uliyoniambia nisiandike nimeyaandika, na yamekwenda.

Alikuwa anapembua mchele. Hakuinua kichwa.

"Bantu ngapi balisoma?"

"Sijue, mama. Kila mutu anaweza kusoma."

"Na yule wa source?"

"Naye alisoma."

Alisukuma ungo kando, akageukia ukutani. Siku tatu hakutembea. Alilala mkekani mchana, macho wazi, akitazama bati. Sikuthubutu kufungua kompyuta mbele yake. Siku saba za majadiliano zilikuwa zimepita, ukurasa ulikuwa utakufa wakati wowote, na ajabu ni kwamba sikujali tena.

Siku ya nne barua ilikuja. Nilimsomea mama pale mkekani, kwa sababu niliona si haki nisome peke yangu.

"Moyo wenu, mama, na moyo wa mama yetu aliye mkekani," alianza Bwana Chanzo. Nilisoma salamu ile mara mbili. "Wazazi wangu wote wawili hawajambo, asante kwa kuwaulizia. Baba anasumbuliwa na goti. Yaliyokuwa chini ya nyota hayakuandikwa kwa ajili yangu, lakini nimeyasoma, na sitajifanya sikuyasoma. Nimeyaondoa ukurasani, na nimewaomba wenye mamlaka wayafiche hata kwenye historia. Wamekubali."

Mama aliinua kidole niendelee.

"Kanuni ni ileile. Matembezi ya mama hayawezi kuwa chanzo. Lakini nilikuwa nalitafuta jina la mtaa kwenye vitabu, na mtaa ule vitabuni haukuwa na jina. Mama alipotaja njia baada ya pampu, nilitafuta ramani. Nimepata moja ya wapimaji wa zamani. Safu za nyumba zimo, bila jina. Pampu imo. Na baada ya pampu, mashariki, wameweka msalaba mdogo, wakaandika makaburi. Ukurasa wenu peke yake hautabaki. Mistari miwili nimeiweka ndani ya ukurasa wa Musonoi. Isomeni, na mkiona kosa niambieni."

Niliifungua. Mistari yenyewe ilikuwa mikavu, ya pasi, kama alivyo yeye. Ilisema kwamba palikuwa na mtaa wa wafanyakazi upande huo, ambao sasa ni sehemu ya shimo, na kwamba ramani inaonyesha safu sita za nyumba, pampu ya maji, na makaburi mashariki yake. Hakukuwa na kwaya. Hakukuwa na mama wa mikate ya mafuta wala kamba ya nguo. Katika yote ambayo mama alikuwa ameyasema kwa sauti mchana baada ya mchana, karibu yote yalipotea, na lile moja alilolificha ndilo lililokuwa limechorwa tangu zamani na watu wasiomjua.

"Anasema pale kuko musalaba?" mama aliuliza.

"Kuko, mama."

"Unionyeshe."

Nilifungua ramani, nikaikuza mpaka karatasi yake ya manjano ikajaza kioo. Nilimsaidia kukaa, nikamwekea kompyuta mapajani. Alivaa miwani. Alitafuta muda mrefu, midomo ikitikisika, kisha akaweka kidole kwenye kiboksi kimoja cheusi kati ya viboksi vilivyofanana, na sikumuuliza amekitambuaje. Akashika kushoto. Kidole kilipita kiboksi baada ya kiboksi, na mbele ya kila kimoja kilisimama. Sikusikia salamu, lakini najua alisalimia. Akafika kwenye duara dogo la pampu. Kichuguu hakikuwepo kwenye ramani, ni sehemu nyeupe tu, na pale kidole chake kilizunguka kando, kama anavyozunguka mtu aliye na kichuguu mbele yake. Kisha kikashuka juu ya msalaba, ambao haukuzidi punje ya mchele, na kikaufunika.

"Tumefika," akasema.

Nilimwomba msamaha hapo, kwa sauti, na nililia, na yeye alinipapasa mgongo kwa mkono mwingine bila kuondoa kidole.

Tangu siku ile mama hatembei tena. Mchana analala mkekani kimya, kama watu wengine, kinywa wazi kidogo, na malori yanapita. Bwana Chanzo huniandikia mara mojamoja juu ya goti la baba yake. Mimi hukaa kando ya mkeka na kioo changu cheusi, nafumba macho, natoka nyumbani, nafunga mlango wa bati, nashika kushoto. Nasalimia kila nyumba. Nikipita pampu, nazunguka kichuguu, nakaa chini kwenye majani, na namwambia yaya yangu kwamba mama yetu wanamwita kwa jina langu, lakini nafasi ile ya kwanza ni yake.